Maswali mnayotuuliza sana kuhusu kusikiliza kwa kina na muziki wa majaribio, Mtwara na Lindi

Kikundi chetu hukutana Jumamosi asubuhi Mikindani. Mara mojamoja tunavuka kwenda Msanga Mkuu, au tunapanda basi hadi Lindi mjini. Hakina jina wala fomu ya kujiunga. Tunakuwa kati ya sita na kumi na wanne, inategemea mvua na msimu wa korosho. Maswali haya tumeulizwa vijiweni, kwenye kivuko, misibani na, kuliko kote, na wazazi wetu. Anayejibu hapa ni mmoja tu, kwa hiyo ukikuta neno linalokukera usiwalaumu wenzangu.

Kwa lugha nyepesi, mnafanya nini hasa?

Tunakaa mahali, tunanyamaza dakika ishirini, tunasikiliza kila kinachotufikia. Halafu tunazungumza: nani kasikia nini, kilitoka upande gani, kilikuwa mbali kiasi gani. Baadhi yetu wanarekodi, na baadaye wanatengeneza vipande vya sauti visivyo na kiitikio wala mdundo wa kuchezea. Wengine hawajawahi kurekodi hata mara moja na hawana mpango huo.

Juzi tulikaa nyuma ya nyumba moja ambako mama alikuwa anakuna nazi. Hakuna kati yetu ambaye hakukua na sauti hiyo. Lakini ukiifuata kwa makini ina safari yake. Mkuno wa kwanza ni laini, wa majimaji, kama mtu anayetafuna taratibu. Kadiri nyama ya nazi inavyopungua, sauti inakauka na kupanda, mpaka meno ya mbuzi yanapogusa kifuu: krr, fupi sana. Hapo mama anazungusha nazi na kuanza upya. Hakuangalia chini hata mara moja. Muda wote alikuwa anatusimulia habari za mjomba wake wa Nanyamba, macho yako kwetu. Tulipomwambia kwamba nazi nzima kaikuna kwa sikio, alicheka. "Kumbe nyie mlidhani naangalia?"

Kwani kusikia na kusikiliza si kitu kimoja?

Hapana, na Kiswahili kinalijua hilo vizuri. Kusikia kunakupata tu, hata ukiwa umelala. Kusikiliza unakufanya mwenyewe. Wakubwa wetu walikuwa na la tatu: kutega sikio, kama mtego wa samaki. Unautega, unatulia, unangoja.

Lakini kuna jambo ambalo mimi huwa nalirudia hadi wenzangu wanachoka. Kwa Kiswahili tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya dagaa, tunasikia uchungu. Neno hilohilo. Walioanzisha mafunzo ya kusikiliza kwa kina huko Marekani walitumia miaka mingi kuwaeleza wanafunzi wao kwamba kusikiliza si kazi ya masikio peke yake, mwili mzima unahusika. Sisi hilo tumelikuta kwenye lugha. Bibi yangu angeshangaa kwamba kuna mtu anahitaji kufundishwa.

Hilo jina "kusikiliza kwa kina" lilitoka wapi?

Kwa Pauline Oliveros, mtunzi wa Kimarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1932 na kufariki 2016. Mwaka 1988 yeye na wenzake wawili, Stuart Dempster na Panaiotis, waliteremka kwenye tangi la maji la chini ya ardhi, kavu, lililojengwa kwa ajili ya ngome ya kijeshi kwenye jimbo la Washington. Tangi hilo lilikuwa na uwezo wa kubeba galoni milioni mbili. Mle ndani ukitoa sauti moja inachukua kama sekunde 45 kufifia. Fikiria: unapuliza noti, unashusha pumzi, unapuliza ya pili, na ile ya kwanza bado iko hapo inakungoja. Huwezi kupiga muziki mle bila kusikiliza kile ulichokwisha kufanya. Jina waliloipa rekodi yao, Deep Listening, yaani kusikiliza kwa kina, lilikuwa pia utani, kwa kuwa walikuwa wanasikiliza kutoka kina cha ardhi.

 Mafunzo yenyewe Oliveros hakuyafanya peke yake. Mwenza wake Ione, mwandishi Mmarekani mweusi, ndiye aliyeleta humo kusikiliza ndoto: ukiamka, kabla ya kushika simu, unajiuliza ndotoni ulisikia nini. Jaribu. Wengi wetu tuligundua kwamba tunakumbuka picha tu, na sauti zimepotea. Ilichukua kama wiki tatu kuanza kuzikumbuka.

Mbona kila mara mnataja wasanii weusi, Waarabu, Wahindi Wekundu? Muziki una rangi?

Swali hili huja kwa namna mbili. Kuna wanaouliza kwa kukereka na kuna wanaotaka kujua. Kwa wote jibu ni historia.

Ukifungua maelezo mengi kuhusu muziki wa kielektroniki, utaambiwa kwamba kutengeneza muziki kwa sauti zilizorekodiwa kulianzia Paris mwaka 1948. Lakini mwaka 1944, Cairo, kijana Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwa waya (hata utepe wa sumaku ulikuwa haujafika kwao), akaenda kurekodi zaar, ngoma ya kupunga pepo. Kisha akarudi studio ya redio, akaipitisha ile rekodi kwenye chumba chenye kuta zinazosogezwa, akaondoa sauti za chini zilizobeba wimbo na kuacha zile za juu zinazoelea. Kilichobaki ni kama mzimu wa ngoma. Ni miaka minne kabla ya Paris. Na mimi nilikuwa nimemaliza chuo bila kuwahi kulisikia jina lake.

Au chukua Chicago. Mwaka 1965 wanamuziki weusi, akiwemo mpiga piano Muhal Richard Abrams, waliunda chama chao, AACM, kwa sababu kumbi zilikuwa haziwapi nafasi ya kupiga tungo zao wenyewe. Walipanga maonyesho wenyewe, wakafungua shule ya muziki, watoto wa mtaani wakafundishwa bure. Kutoka humo walitoka Art Ensemble of Chicago, waliokuwa wanajaza jukwaa kwa vyombo vidogovidogo: kengele, filimbi, honi za baiskeli. Humo pia alitoka mpiga tromboni George Lewis, ambaye miaka ya 1980 aliandika programu ya kompyuta inayomsikiliza mpigaji na kumjibu papo hapo, yenye hiari ya kumpinga.

Pamela Z wa San Francisco anaimba peke yake, akinasa sauti yake na kuirudisha juu yake mwenyewe mpaka anakuwa kwaya. Raven Chacon, wa taifa la Wadiné (wengi wanawajua kama Wanavajo), mwaka 1999 alirekodi sehemu tulivu kabisa, milimani na korongoni, halafu akazipandisha sauti hadi mwisho, ule ukimya ukanguruma. Mwaka 2022 alipata Tuzo ya Pulitzer ya muziki, wa kwanza kutoka kwa wenyeji wa asili wa Marekani. Wazo lake tumeliiga usiku mmoja Mikindani. Tulichopata ni friji ya jirani.

Ila ninayempenda kuliko wote ni King Tubby wa Kingston, Jamaika. Jina lake la kuzaliwa ni Osbourne Ruddock, na kazi yake ilikuwa fundi redio. Alikuwa anatengeneza amplifaya za watu. Akaanza kuchukua nyimbo zilizokwisha rekodiwa, anaondoa mwimbaji, anaacha ngoma na besi, anamrudisha mwimbaji kwa neno moja ambalo linajirudiarudia likipotelea mbali. Meza ya kuchanganyia sauti akaigeuza chombo cha muziki. Kila nikipita kwenye vibanda vya mafundi pale sokoni Mtwara, spika zimefunuliwa matumbo, mtu anagusa waya na kusikiliza "bzz" iko wapi, namkumbuka yeye. Fundi redio anasikiliza kwa kina kutwa nzima, tena kwa njaa.

Afrika Mashariki kuna nani?

Wa kwanza kumtafuta ni KMRU, yaani Joseph Kamaru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997. Jina amerithi kwa babu yake, mwanamuziki mashuhuri wa Kikikuyu. Anarekodi mitaa, mvua, mabati, nyaya za umeme, halafu anazitandaza polepole. Albamu yake ya 2020 iliyomtangaza duniani isikilize ukiwa umelala chali, taa zimezimwa.

Kampala kuna lebo ya Nyege Nyege Tapes, ambayo mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa singeli za studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Ndiyo, singeli. Watu wetu walikuwa wanaiita kelele za vigodoro, Ulaya wakaipokea kama muziki wa majaribio. Sijui nicheke au nilie. Mdundo unaopita mapigo 200 kwa dakika, vionjo vya taarabu na mchiriku vimeharakishwa mpaka vinakuwa kitu kingine: kama hayo si majaribio, majaribio ni nini?

Nje ya Afrika Mashariki, Nigeria yuko Emeka Ogboh, anayerekodi Lagos, hasa makondakta wa danfo, daladala za kule, wanavyoita vituo. Ukimsikiliza yeye, stendi ya Mtwara haitakuwa ileile tena.

Sawa, lakini huku Kusini kuna nini cha kusikiliza zaidi ya mawimbi?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Anza na Rondo, ile nyanda ya juu yenye msitu Lindi. Kuna komba mdogo sana anaishi huko, ana gramu kama 60 tu, mkia wake kama brashi ya kusafishia chupa. Kwa jina la kisayansi anaitwa kwa hapo hapo, Rondo. Wanasayansi walimtambua kama aina yake ya pekee katika miaka ya 1990, na sauti ilichangia sana, kwa sababu komba wa usiku ukiwatazama wanafanana mno. Tofauti iko kwenye mlio. Wa Rondo analia vipande viwili viwili, mfululizo. Yaani kuna mnyama ambaye dunia ilimjua kwa sababu kuna watu walikaa gizani msituni, wakatega sikio. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wanamsikia siku zote.

Korosho zina kalenda yake ya sauti. Kiangazi, alfajiri, kabla umande haujakauka na upepo haujaamka, unasikia mashine za kupulizia salfa zikivuma mashambani, moja huku, nyingine kule, kama nyuki wakubwa wanaojibizana. Kuanzia Oktoba hivi ni mabibo yanayodondoka kwenye majani makavu. Kila bibo lina mdondoko wake. Lililoiva sana linatoa "pwa", na unajua limepasuka bila kulifuata. Halafu kubangua, nyundo ndogo au mti juu ya jiwe, akina mama watano, kila mmoja na mwendo wake, na mara moja kwa muda mfupi wote wanaangukia pamoja bila kukusudia. Tumewahi kusubiri dakika arobaini hilo litokee.

Ngoma, ndiyo, lakini sisi tunavutiwa na kabla ya ngoma. Mzee mmoja wa Newala alituruhusu tukae naye akizipasha moto. Anawasha majani makavu, anaielekeza ngozi kwenye moto, anageuza, anagonga kwa kidole kimoja. Anarudisha. Anagonga. Tulikuwa tunasikia ngoma moja. Yeye alikuwa anasikia ngoma zote kwa pamoja, kwa maana kila aliporidhika na ndogo aliirudia kubwa. Kijana mmoja wetu akauliza anajuaje imefika. Mzee akagonga mara mbili, akasema, "Hii bado ina usingizi." Basi. Ukitaka somo refu kuliko hilo utalipia ada.

Kuna dimbila pia, marimba ya Wamakonde, mbao zinazolazwa juu ya magogo ya migomba. Kuna viwanda: saruji ya Dangote pale Msijute, na gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982. Hizo nazo ni sauti za Kusini. Wapo wanaotaka turekodi ndege na bahari tu. Mimi siko upande huo.

Na Kilwa Kisiwani. Ukivuka kwa boti kutoka Masoko na kibali chako, ingia Msikiti Mkuu, simama chini ya kuba, sema jina lako kwa sauti ya kawaida. Kisha sogea hatua tatu ulitaje tena. Sitakwambia utasikia nini. Ila vua viatu vya kelele, na kumbuka ni mahali pa ibada hata kama sehemu ya paa imeanguka.

Mnakaa kimya, mmefumba macho, asubuhi. Haya si mambo ya kishirikina? Au Freemason?

Tumeshaitwa hayo yote, pamoja na wapima viwanja. Si dini na haipingani na dini. Kwetu wapo Waislamu, Wakristo, na mmoja asiyesema. Adhana ikiita, wanaokwenda wanakwenda. Sisi tuliobaki tunaisikiliza inavyotoka msikiti mmoja hadi mwingine, kila muadhini amechelewa kidogo kwa mwenzake. Tulichojifunza ni kutoa kwanza taarifa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Watu kumi na wawili waliofumba macho chini ya mbuyu bila maelezo wanamtisha mtu yeyote, hata mimi ningewahofia.

Nahitaji vifaa gani?

Masikio. Halafu, ukitaka kurekodi, simu janja uliyonayo inatosha kwa mwaka mzima wa kwanza. Weka programu ya kurekodi inayotoa faili la WAV, maana zile za kawaida zinabana sauti na kuzifuta zile nyembamba ambazo ndizo tunazozitafuta. Angalia nafasi: rekodi ya ubora wa biti 24 na kilohezi 48, pande mbili, inakula kama megabaiti 17 kwa dakika. Nusu saa ni zaidi ya megabaiti 500. Kwa hiyo memori kadi kwanza, maiki ya bei baadaye.

Kitu cha pili ni spika za masikioni, zile zinazofunika sikio lote. Bila hizo hurekodi, unabahatisha.

Ukitaka kuchezea zaidi, nenda kwa fundi saa au fundi simu, omba kile kisahani chembamba cha shaba kilichomo kwenye saa ya mezani inayolia kengele. Kinaitwa piezo. Kichomelewe waya na jeki, ukibandike kwa utepe kwenye kitu, nacho kitasikia mtetemo wa ndani ya kitu hicho, si hewa. Tumekibandika kwenye waya wa kuanikia nguo, kwenye ubavu wa ngalawa, kwenye mtungi unaojazwa maji. Ngalawa ndiyo ilitushangaza. Ukiwa juu yake unasikia watu na maji. Ubao wenyewe kumbe unanung'unika muda wote, kama mzee anayejigeuza kitandani. Kwenye mikoko, tulikivika mpira wa kondomu na kukizamisha majini (duka la dawa walituangalia sana). Kule chini ni mpasuko mfululizo, kama mafuta yanayokaanga: ni kamba wadogo wanaofyatua gando zao.

Rekodi yangu inavuma tu, sisikii kingine. Nimekosea wapi?

Upepo. Pole, tumepita wote. Mimi nilirekodi asubuhi nzima ya Julai ufukweni Shangani, kusi imekaza, nikiwaza nimepata wavuvi wanakokota mtumbwi. Nilipofika nyumbani nilikuwa na saa mbili za "vvvv". Kinga maiki kwa sponji, au soksi ya sufu, au kipande cha manyoya ya mdoli. Geuza mgongo kwenye upepo. Jifiche nyuma ya ukuta. Na zima mtandao wa simu: rekodi yangu nzuri kuliko zote ya mvua kwenye makuti inakatizwa dakika ya nne na mtu anayenidai.

Naweza kurekodi unyago, jando, msiba, au watu wakizungumza sokoni?

Unyago na jando: hapana. Wala usijaribu kusimama mbali na simu mfukoni. Nyimbo zile ni za waliopita humo, zimefungwa kwa makusudi, na kufungwa kwake ndiko kunakozipa nguvu. Tumepata wageni wawili watatu wakitaka hasa hizo, na mmoja alituonyesha pesa.

Hapa narudi kwa Halim El-Dabh, shujaa wangu. Zaar ni shughuli ya wanawake. Mwenyewe alisimulia kwamba ilibidi waingie kwa kujificha, wamejifunika vichwa kama wanawake, kwa sababu wanaume hawakuruhusiwa. Kipande kile ninakipenda, na bado naona alikosea. Kwenye kikundi tumelibishania hili zaidi ya mara moja; dada mmoja hataki tena kipigwe anapokuwepo, na hatukipigi.

Msiba, waulize wafiwa, siyo leo. Sokoni, mtu anayesikika maneno yake aombwe. Mimi hutangulia kununua, kukaa, kujieleza, kumpa asikilize masikioni mwake kwanza. Muuza samaki mmoja akijisikia kwa mara ya kwanza aliniambia nifute, anaonekana mkali. Nilifuta. Wiki iliyofuata aliniita mwenyewe, kajiandaa. Bandarini, kambini na kwenye mitambo ya gesi usitoe kifaa bila ruhusa ya maandishi. Mlinzi wa sehemu moja aliwahi kutuweka jua kali saa nzima akituuliza tunasikiliza kwa niaba ya nani.

Nikirekodi ngoma ya kijiji, kazi ni ya nani?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mpigaji, na ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, ambazo hazina mtunzi mmoja. Kwa matumizi ya kibiashara unatakiwa kupitia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kazi yako unaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hayo ni ya kisheria.

Ya kibinadamu ni magumu zaidi. Mwenye mashine huondoka na sauti, aliyeitoa hubaki na shukrani. Sisi tuna kanuni moja tu tuliyoiandika: nakala inarudi kwa aliyerekodiwa kabla haijakwenda popote, kwa namna anayoweza kuisikiliza. Kama ana kitochi chenye memori kadi, basi ni memori kadi, siyo kiungo cha intaneti. Mzee wa Newala anayo yake. Tunaambiwa anaipiga jioni na kukosoa moto wake mwenyewe.

Mnatengenezaje kipande?

Kila mtu na njia yake. Wengi tunatumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure. Kipande changu cha mwisho kina sauti tatu tu: nazi inayokunwa, feni mbovu, na mtaa wa Ligula dakika ile umeme unaporudi. Mnaijua ile: kwanza friji zinashtuka, halafu redio zote katikati ya sentensi, halafu watoto "waaaa!" kutoka nyumba hadi nyumba. Nimeivuta ile "waaaa" ikawa ndefu mara kumi na sita. Haiwi furaha tena, inakuwa kama kwaya inayosogea. Mama yangu alisikiliza yote, dakika tisa, akauliza wimbo unaanza lini.

Inalipa?

Hapana. Kuna anayepata kazi za kurekodi sauti za filamu na matangazo ya redio, maana sikio limekuwa kali. Ndiyo hivyo.

Sikio langu moja halisikii. Nitafaa?

Utafaa, na tunakuhitaji. Mwenzetu mmoja hasikii upande wa kushoto tangu alipougua surua utotoni. Hawezi kutambua sauti inatoka upande gani, kwa hiyo ameendeleza kitu kingine: umbali. Anakwambia pikipiki ile imeshapita kona, na ni kweli. Anashika pia. Anaweka kiganja kwenye spika, kwenye ukuta, kwenye ngoma. Nimekwisha sema juu ya neno kusikia.

Nipe zoezi la kufanya nyumbani.

Usiku, mkishazima taa, tafuta sauti iliyo mbali kuliko zote unayoweza kuifikia. Ukiipata, tafuta iliyo nyuma yake. Endelea mpaka usiwe na uhakika kama unaisikia au unaitamani. Kisha rudi polepole hadi kwenye pumzi yako. Radi ikipiga, hesabu sekunde tangu mmweko. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Watoto wanalipenda hilo na linawatuliza.

La pili ni la mchana: pika ukiwa umefumba macho, kitu unachokijua. Wali unasema wenyewe unapokauka. Usifanye hivi na mafuta ya moto, tayari kuna aliyefanya.

Nikija Jumamosi, nije na nini?

Kanga au mkeka wa kukalia, maji, na mafuta ya mbu maana chini ya mbuyu hawalali. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Usivae bangili nyingi. Tunaanza saa moja na nusu, kabla jua halijawa kali na kabla bodaboda hazijachangamka.

Ukichelewa, usitusalimie. Tunajua inakera kupita watu bila salamu, kwetu huku ni karibu na tusi, lakini kaa tu, habari tutaulizana baadaye. Isipokuwa akipita mtu mzima. Hapo tunafungua macho sote, tunasema shikamoo, tunaitikiwa marahaba, anauliza mmekaa hapa kuna nini, na dakika ishirini zinaanza upya.